Mashine ya matawi inayogoma kuwaka ndiyo hatari kwa vidole

MSIMU wa kupogolea kahawa unapofika katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, baada ya mavuno kumalizika na kabla ya mvua za masika, kila kihamba hujaa matawi. Kuna machipukizi ya mibuni yaliyoondolewa, kuna matawi ya migrevilea iliyokuwa imezidisha kivuli, na kuna mabaki ya uzio uliopunguzwa. Vipande vinene huenda jikoni kama kuni. Vile vyembamba, ambavyo kwa miaka mingi vilichomwa moto au kuachwa vioze pembeni mwa shamba, sasa vina kazi. Vikikatwakatwa vidogo huwa matandazo ya kufunika udongo chini ya mibuni, au malalo ya ng'ombe bandani, na baadaye mboji.

Kazi hiyo ndiyo inayoiingiza vihambani mashine ndogo ya petroli ya kukatakata matawi. Injini yake haina ugeni wowote. Ni ya silinda moja, yenye nguvu za farasi tano hadi saba, ya aina ileile inayoendesha pampu za umwagiliaji na jenereta ndogo, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Tofauti ni kitu kilichofungwa mbele yake: ngoma au sahani nzito ya chuma yenye visu. Wafugaji wa ndani huitumia mashine kama hiyo kukatia mabingobingo na mabua. Kwa kawaida mmoja hununua na majirani hukodi.

Mnunuzi akienda dukani huelezwa nguvu za injini, unene wa tawi ambalo mashine inaweza kumeza na bei ya visu. Kuhusu kuwasha ataambiwa avute kamba. Kuhusu kuzima mara nyingi haambiwi neno lolote, kana kwamba kuzima ni kubonyeza swichi tu na kwenda kunywa chai. Hapo ndipo ilipo gharama kubwa kuliko zote za mashine hii, na haionekani katika risiti.

Ukimya unaodanganya

Injini ndogo za aina hii huzunguka takriban mara 3,600 kwa dakika zikifunguliwa mafuta yote. Tuseme mkanda na puli vimepunguza mwendo huo hadi mizunguko 2,400 kwenye ngoma ya visu. Hiyo ni mizunguko 40 kwa kila sekunde moja. Mtu mzima mwenye akili timamu huhitaji kama robo ya sekunde kushtuka na kuvuta mkono wake. Katika robo hiyo ngoma imezunguka mara kumi, na kama ina visu viwili, vimeshapita mara 20. Hakuna mwenye wepesi wa kushindana na hesabu hiyo.

Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana si rahisi kumkuta mtu akiingiza mkono huku injini inanguruma kwa nguvu zote. Hatari zaidi ni kipindi kifupi baada ya injini kunyamaza. Ngoma ni nzito kwa makusudi, ili iweze kukata tawi gumu bila kupoteza mwendo. Uzito huohuo huifanya iendelee kuzunguka baada ya swichi kuzimwa. Nyingine huchukua nusu dakika kusimama, nyingine zaidi ya dakika nzima. Masikio ya mwendeshaji, yaliyokuwa yamejaa kelele tangu asubuhi, hayasikii tena mlio mdogo wa chuma kinachozunguka. Anaona kimya, anadhani imesimama.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wengine hulipuuza. Mashine ambayo injini na ngoma vimeungana moja kwa moja husimama mapema, kwa sababu mgandamizo wa hewa ndani ya silinda huishika kama breki. Ile yenye klachi inayojiachia yenyewe mwendo ukishuka ni rahisi zaidi kuwasha, lakini ukiizima ngoma hubaki huru na huzunguka muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kijana aliyezoea mashine ya kwanza, akipewa ya pili, anaweza kuingiza mkono kwa kufuata muda aliouzoea na akajuta.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Paka alama ya rangi nyeupe kwenye puli ya ngoma, mahali inapoonekana kupitia wavu wa kinga. Ngoma ikizunguka, alama huwa kama pete iliyofifia au haionekani kabisa. Ikisimama, alama inaonekana ilipo. Macho hayadanganywi na ukimya kama masikio.

Marekani, ambako mashine za aina hii ni kubwa zaidi na huvutwa na magari, wafanyakazi 31 waliuawa nazo kati ya mwaka 1992 na 2002. Wengi waliingizwa ndani pamoja na matawi. Kundi la pili kwa ukubwa halikuingizwa: walipigwa na kifuniko cha ngoma ya visu. Kifuniko kikifunguliwa au kulegea wakati ngoma bado inazunguka, visu hukigonga na kukirusha. Mashine za vihambani ni ndogo kuliko hizo, lakini kanuni ya chuma kizito kinachozunguka ni ileile.

Kwa nini mkono huingia

Ni rahisi kusema kuwa wanaoumia ni wazembe. Jibu hilo halimsaidii mwenye mashine wala kibarua wake, na mara nyingi si kweli.

Mashine ya matawi huziba. Huziba zaidi ikipewa vitu vibichi na vyenye nyuzi, kama majani ya migomba, mabingobingo yaliyonyeshewa au matawi laini yenye majani mengi. Nyuzi hujizungusha kwenye ngoma, bomba la kutolea hujaa, na injini huanza kulemewa. Hapo mwendeshaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzima, kusubiri, kufungua, kusafisha, kisha kuwasha tena. Ya pili ni kupunguza mafuta, kuacha injini inguruma polepole, na kuchokonoa.

Njia atakayochagua haitegemei sana mafunzo aliyopewa. Inategemea mashine inavyowaka. Kama inawaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili, kuzima si mzigo. Kama kila ikizimwa inahitaji kuvutwa kamba mara 15, kufungua plagi, kuipuliza, kuichoma kwa kiberiti na kuomba msaada wa jirani, kijana yule hataizima hata ukimwekea bango mbele yake. Ataogopa kuizima kuliko anavyoogopa visu. Mashine inayogoma kuwaka ndiyo inayobaki ikizunguka wakati mkono unaingia.

Ukiongeza namna ya malipo, picha inakamilika. Vibarua wengi wa mashine hulipwa kwa rundo au kwa kihamba kilichomalizika. Kila dakika ya kuzima inatoka mfukoni mwa kibarua, lakini plagi mpya inatakiwa itoke mfukoni mwa mwenye mashine. Anayeokoa fedha kwa kutobadilisha plagi siye anayehatarisha vidole. Katika mpangilio kama huo, kumhimiza kibarua "awe makini" ni maneno tu.

Tuchukue mfano. Mashine inakodishwa kwa Sh60,000 kwa siku ya saa sita, na inaziba mara sita. Mashine nzima, ikizimwa kwa utaratibu, hupoteza dakika mbili kila inapoziba. Jumla ni dakika 12, sawa na Sh2,000 ya muda wa kazi. Mashine inayogoma hupoteza dakika kumi kila mara, yaani saa nzima, sawa na Sh10,000. Tofauti ni Sh8,000 kwa siku. Hicho ndicho kishawishi halisi cha kutoizima. Katika msimu wa siku kumi tofauti hiyo imefika Sh80,000, fedha inayotosha plagi, oili na chujio la hewa na ikabaki. Mmiliki anayebana matumizi kwenye plagi amekosea hesabu hata kabla ya mtu kuumia.

Kuwaka kwa mvuto wa kwanza

Kazi ya kuwasha salama huanza kabla ya kugusa kamba. Mashine iwekwe mahali tambarare. Katika vihamba vya mteremkoni hilo ni gumu, lakini lina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine yenye magurudumu husogea kwa mtikisiko, hivyo izuiwe kwa mawe au magogo. Ya pili ni ya ndani ya injini. Injini nyingi ndogo zina kidude kinachokata moto oili ikipungua, na mashine ikiinama kidude hicho hudhani oili imekwisha. Watu huvuta kamba mara 20, hulaumu plagi, kumbe mashine imeinama tu. Wapo wanaokata waya wa kidude hicho ili "kumaliza usumbufu". Miezi michache baadaye injini hukauka oili na kukaza.

Oili hupimwa kila asubuhi, injini ikiwa baridi na imelala sawa. Injini ya ukubwa huu hubeba kama nusu lita na kidogo, kiasi kidogo ambacho hupungua bila mtu kugundua. Katika injini mpya oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 hivi za kazi, kwa sababu ina chembe za chuma, na baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa litazamwe kila siku, maana hakuna kazi yenye vumbi la mbao kama hii. Chujio likiziba, injini hunywa petroli nyingi kuliko hewa, plagi hulowa na kuwa nyeusi, na kamba huwa ndefu.

Petroli yenyewe ni sura nyingine. Mafuta yaliyokaa kwenye tangi tangu msimu uliopita huacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Yaliyonunuliwa kwenye chupa kando ya njia yanaweza kuwa na maji au uchafu. Zamani kulikuwa na tatizo kubwa la petroli kuchanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita ili kuondoa faida ya kuchanganya. Mpishi wa kijijini ndiye aliyeubeba mzigo wa hatua hiyo, lakini injini ndogo zilinufaika. Mwenye mashine anunue petroli kituoni, kiasi cha kazi ya wiki mbili au tatu, na aihifadhi kwenye dumu maalumu lenye mfuniko. Kuiweka petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa ni kumtegea mtoto.

Tangi lijazwe injini ikiwa imezimwa na imepoa. Bomba la moshi la injini hizi liko sentimeta chache tu kutoka kwenye tangi, na petroli ikimwagikia hapo ikiwa la moto, hakuna ndoo ya maji itakayosaidia. Tangi lisijazwe hadi ukingoni. Dumu lipelekwe mbali, hatua nne au tano, ndipo mashine iwashwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na mteremkoni huweza kufika jikoni kabla ya mtu kunusa. Na mashine hii haiwashwi bandani wala stoo, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua mtu na ng'ombe.

Kisha mdomo wa kulishia utazamwe. Lazima uwe mtupu, na ngoma izunguke bila kukwama. Hili si suala la usafi. Katika mashine isiyo na klachi, kuvuta kamba ni kuvuta injini na ngoma pamoja. Tawi likiwa limekwama ndani, injini hukataa katikati ya mzunguko na kuirudisha kamba kwa nguvu. Ndiyo "teke" ambalo limewavunja watu vidole na vifundo vya mikono. Kwa sababu hiyohiyo kamba haizungushwi kiganjani. Ishikwe kwa mpini wake.

Mtu anayewasha asiwe na kitu kinachoning'inia. Kanga iliyofungwa kiunoni, kitenge begani, mikono mirefu ya shati isiyofungwa, cheni, glovu zenye mdomo mpana, vyote hivyo hunaswa na tawi linaloingia na humvuta mwenye navyo. Miwani ya kinga na viziba masikio si mapambo. Watoto, ambao hukimbilia kelele yoyote kijijini, wawe umbali wa mita 15 au zaidi, na asiwepo mtu upande wa bomba la kutolea. Matawi ya uzio yakaguliwe kwanza. Migrevilea mingi ya mipakani ina misumari na vipande vya seng'enge vilivyomezwa na gome, na kisu kikikutana navyo kipande hutoka kama risasi.

Baada ya hapo kuwasha kunachukua sekunde chache. Koki ya petroli ifunguliwe. Injini ikiwa baridi choki ifungwe, ikiwa ya moto iachwe wazi. Mkono wa mafuta uwekwe karibu na mwendo wa chini, hasa kwenye mashine yenye klachi, ili ngoma isianze kuzunguka mara moja. Swichi iwekwe kwenye alama ya kuwaka. Mpini uvutwe taratibu hadi uzito usikike, kisha uvutwe kwa nguvu moja ya haraka, na urudishwe polepole badala ya kuachiwa. Ikiwaka, choki ifunguliwe kidogo kidogo na injini iachwe ipashe moto kwa dakika moja au mbili.

Kama haikuwaka baada ya mivuto mitatu au minne na harufu ya petroli inasikika, imelowa. Kuendelea kuvuta na choki imefungwa kunaongeza tatizo. Choki ifunguliwe wazi na mafuta yaongezwe, kisha ivutwe mara chache ili hewa ikaushe silinda, au plagi ifunguliwe, ifutwe na kuachwa wazi kidogo ikauke. Kuichoma kwa kiberiti karibu na petroli ni desturi inayostahili kufa.

Tawi la kwanza lisiingizwe hadi injini imefika mwendo wake wa juu. Ngoma inayozunguka polepole haikati, inatafuna, na hapo ndipo kuziba kunapoanzia. Anayelisha asimame pembeni mwa mdomo, aingize upande mnene wa tawi kwanza, na aliachie mara visu vinapolishika. Vipande vifupi visukumwe kwa fimbo ya mti, kamwe si kwa mkono wala mguu. Fimbo hiyo isiwe nondo. Ya mti ikiponyoka itakatwakatwa tu, ya chuma itavunja visu na kuvirusha. Baadhi ya mashine zinazochomelewa mitaani huwa na mdomo mfupi ili kuokoa bati. Urefu wa mdomo ndio kinga ya kwanza, na mnunuzi ajaribu mashine ikiwa imezimwa: akinyoosha mkono hadi begani na vidole vikagusa visu, mashine hiyo airudishe kwa fundi.

Swichi iliyokatika

Injini hizi hazina betri. Moto wa plagi unatokana na sumaku iliyo kwenye gurudumu la injini, na kazi ya swichi si kukata umeme bali kuupeleka kwenye bodi ya chuma ili usifike kwenye plagi. Maana yake ni kwamba waya wa swichi ukikatika, injini haizimiki. Itaendelea kuwaka vizuri kabisa na hakuna atakayegundua kasoro hadi siku anayoihitaji swichi.

Mashine zenye swichi ya namna hiyo zipo nyingi kuliko inavyodhaniwa, na kila mwendeshaji ana mbinu yake ya kuzima. Wapo wanaofunga choki. Injini ya moto hunywa petroli ghafi, na petroli hiyo huweza kulipuka kwenye bomba la moshi. Wapo wanaong'oa kofia ya plagi injini ikiwaka, wakapigwa na umeme na kurusha mkono kusikojulikana. Wapo wanaofunga koki na kusubiri, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa. Hakuna hata mbinu moja kati ya hizo inayofaa siku kanga ya mtu itakaponaswa. Swichi ijaribiwe kila asubuhi baada ya kuwasha mara ya kwanza, kabla ya tawi lolote kuingia. Ikikataa kuzima, kazi isianze. Kuunganisha waya huo ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa pikipiki.

Kuzima kwa kawaida, kazi ikienda vizuri, huanza kwa kuacha kulisha. Ngoma iachwe ikiwa kwenye mwendo wa juu hadi bomba la kutolea liache kutoa vipande. Anayezima huku matawi yakiwa ndani anaandaa teke la kamba kwa atakayewasha. Kisha mafuta yapunguzwe, injini ikae kwenye mwendo wa chini kwa dakika moja ipoe, ndipo swichi izimwe na koki ifungwe. Dharura haina hatua hizi: ni swichi moja kwa moja.

Mashine ikiziba, utaratibu unabadilika kidogo. Swichi izimwe mara moja. Mwendeshaji abaki amesimama hapo alipo, asiondoke na asiguse kitu, macho kwenye alama nyeupe ya puli hadi ionekane imetulia. Kisha kofia ya plagi ivuliwe na kusogezwa mbali na plagi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ya lazima kuliko zote. Katika mashine isiyo na klachi, kuizungusha ngoma kwa mkono ili kuondoa nyuzi ni sawa na kuvuta kamba. Kama swichi ina hitilafu na ndani ya silinda kuna petroli, injini inaweza kuruka mara moja, na mzunguko mmoja unatosha. Kofia ikishavuliwa, kifuniko kifunguliwe na uchafu utolewe kwa kijiti. Ngoma yenyewe ishikwe kwa kabari ya mti, maana kisu kilichosimama nacho hukata.

Wakiwa watu wawili hatari huongezeka badala ya kupungua. Baba anasafisha, kijana upande wa pili hasikii vizuri, anaona mashine imekaa kimya, anavuta kamba. Kanuni ni moja: aliyevua kofia ya plagi ndiye peke yake anayeirudisha.

Nani analipa

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyozaa mfuko ulioanza kazi Julai 2015. Kiwandani sheria hizo zina wenyewe wa kuzifuatilia. Kihambani hali ni tofauti. Mwenye mashine mara nyingi hakujisajili popote, mwenye kihamba anasema alikodi huduma tu, na kibarua hana karatasi ya kuonyesha kuwa aliajiriwa na yeyote kati yao. Akipoteza vidole vitatu, gharama za hospitali huishia kwenye mchango wa ukoo, na kipato chake cha kupogoa, kuchuma na kukamua huanguka kwa maisha yote.

Vikundi na vyama vya msingi vinavyomiliki mashine kwa pamoja vina nafasi ya kulirekebisha hili bila kusubiri mkaguzi. Jambo la kwanza ni kubadili malipo: kibarua alipwe kwa siku au kwa saa, na muda wa kuzima na kusafisha uhesabiwe kuwa kazi. La pili ni kutenga sehemu ya kila ada ya kukodisha, hata Sh2,000 kwa siku, kwa ajili ya plagi, oili, chujio na mkanda, ili matengenezo yasitegemee huruma ya mtu. La tatu ni daftari. Saa za kazi ziandikwe, na karibu nazo iandikwe idadi ya mivuto ya kamba asubuhi ile. Namba hiyo ikianza kupanda kutoka miwili kwenda mitano, mashine iende kwa fundi siku hiyohiyo, kabla mwendeshaji hajaanza kuona taabu kuizima. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, na CAMARTEC ya Arusha, ya mwaka 1981, ziliundwa kuhudumia viwanda vidogo na zana za vijijini. Kikundi kinachoagiza mashine kwa fundi wa mtaani kina haki ya kudai mdomo mrefu, wavu wa mkanda na swichi inayofikika kwa mkono kutoka pale anaposimama mlishaji, siyo nyuma ya bomba la moshi.

Msimu ukiisha, kabla mashine haijarudi stoo, kuna kuzima kwa mwisho ambako hakufanywi kwa swichi. Tangi limwagwe, na petroli safi inayobaki itumike kwenye pikipiki. Injini iwashwe na koki ifungwe, iachwe iwake hadi iishiwe yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Visu vikiwa vimesimama na kofia ya plagi imevuliwa, vifutwe na kupakwa oili, na kamba ivutwe polepole hadi mahali uzito unaposikika kisha iachwe hapo, ili vali zifunge na unyevu usiingie ndani ya silinda. Mashine iliyolazwa hivyo mwezi wa tatu huamka mwezi wa kwanza unaofuata kwa mivuto miwili au mitatu.